Wembe wa Maua

Mtu aliyeleta lile ua la michirizi alinyolewa mara moja tu, na hakuonekana tena.

Aliingia kwenye kibanda cha kinyozi asubuhi moja, manyunyu yakianguka, ameshika chungu kilichozungushiwa gazeti. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa safi mno kwa siku yenye matope vile. Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akakipakata chungu chake, na akanyolewa ndevu akiwa amekipakata hivyohivyo, shuka imekifunika kama kichanga. Kinyozi alimwuliza lile ua la chunguni, ile okidi, kaitoa wapi.

"Huko nilikotoka," akajibu.

"Na unaipeleka wapi?"

"Siipeleki. Nimekuja kuiacha. Nimesikia wewe unayapenda haya."

Alipomaliza kunyolewa alijitazama kwenye kioo, akajipapasa kidevu, akaweka chungu juu ya benchi na kutoka. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimegusana na cha kinyozi na ambaye hakuna jambo linalopita mbele yake asilitie chumvi, alichungulia kwenye upenyo wa mbao.

"Yule hajakulipa!"

"Ameacha ua."

"Ua? Basi kesho nakuja na fungu la mchicha, uninyoe mpaka kope."

Kinyozi alicheka, lakini macho yake hayakutoka kwenye chungu. Ua lenyewe lilikuwa la zambarau, na juu ya zambarau hiyo ilipita michirizi myeupe, mingine mirefu, mingine imekatika katikati, kama rangi iliyopakwa na mtu anayetetemeka mkono. Miaka yote aliyoishi na okidi hakuwahi kuona moja ya namna ile. Aliliona ni pambo. Jioni alilibeba mpaka nyumbani, akaliweka uani karibu na bomba, akalipa jina la Mgeni.

Majina yalikuwa ni kawaida ya nyumba ile. Yaliletwa na marehemu mkewe.

Kinyozi mwenyewe, kabla ya kuoa, hakujua tofauti ya ua na kabichi. Alikuwa kijana wa kibandani, anajua kunoa, kupaka povu na kusikiliza, maana kazi ya unyozi nusu yake ni masikio. Mkewe alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwanamke mwenye mikono ya joto na maneno machache, na alipohamia kwa mumewe alikuja na sanduku moja la nguo na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na okidi, imekaa juu ya vipande vya mkaa na magome ya mti, mizizi yake imemwagika nje kama nywele zisizochanwa.

"Huyu ndiye Bi Mkubwa," alimwambia mumewe. "Mimi nimelelewa naye, alikuwa wa mama yangu. Kwa hiyo humu ndani mimi ni mke mdogo, na wewe utamheshimu."

Kinyozi akapiga goti mbele ya kopo akasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa." Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku ile kila asubuhi, akitoka kunawa uso, aliitolea shikamoo ile okidi, na mzaha ulivyoendelea kurudiwa ukaacha kuwa mzaha. Ilikuwa inatoa ua jeupe pee, lisilo na hata chembe ya rangi nyingine, lenye harufu inayosikika asubuhi tu, jua likipanda inapotea.

Nyingine zilikuja moja moja, kila moja na mtu wake. Mkwe aliletwa na baba wa mke, ambaye kwa miaka mingi hakumpenda kinyozi, akisema binti yake kaolewa na mtu anayeshika watu mashavu. Siku alipokubali kunyolewa naye ndipo alipokuja na okidi ile kwapani, akaiweka mezani bila neno. Karani aliachwa na karani mmoja wa ofisi ya posta, mteja wa Jumamosi, alipohamishwa. Na Pacha, wenye mashina mawili yaliyoota chungu kimoja, waliletwa na jirani mmoja mwanamke wiki ile mke wa kinyozi aliporudi hospitali mikono mitupu. Hakuna aliyeeleza maana ya mashina mawili. Watoto wengine hawakuja tena katika nyumba ile, na Pacha wakakaa katikati ya rafu, mahali pazuri, wakimwagiliwa kabla ya wote.

Rafu ilikuwa ubao mrefu, kutoka kwenye bomba mpaka ukutani, juu yake wavu wa kupunguza jua. Ua wa nyumba ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukiinama kuchota maji unakigusa kiambaza cha pili kwa mgongo. Bi Mkubwa alikaa mwisho kabisa, ukutani, ambako jua la asubuhi lilimfikia kwa upole.

Sasa, okidi za aina hiyo zikijaa chungu hukatwa. Unazitoa, unatenganisha shina na shina, unakata mizizi iliyooza, unazipanda upya. Mkewe alikuwa anatumia kisu cha jikoni, na mwaka wa kwanza wa ndoa kinyozi alimtazama akisagasaga na kisu kile butu akashindwa kuvumilia.

"Lete hapa. Unamnyoa Bi Mkubwa kwa shoka?"

Akaleta wembe wake mmoja wa kukunja, uliokwisha kuliwa na kinoo mpaka ukawa mwembamba, haufai tena kwa videvu. Ukapita kwenye shina kama unapita kwenye siagi. Mkewe alilitazama jeraha, likiwa safi, halina uzi hata mmoja, akasema, "Kumbe nimeolewa na mtu wa maana." Basi wembe ule ukastaafishwa kazi ya watu, ukawa wembe wa maua, ukawekwa kwenye dirisha la bafuni. Kila mwaka mvua zikikatika walikaa wawili uani, kinyozi anakata, mkewe anapokea. Kila mmea mmoja ukiisha, mke alikuwa akiuchukua wembe mkononi mwa mumewe na kuupitisha juu ya mshumaa uliowashwa kando yake, taratibu, upande huu na upande huu, ndipo amrudishie.

Kinyozi hakuuliza mshumaa ule ni wa nini. Mkewe aliupenda ukimya wakati ule, na mara nyingine midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Kinyozi alichukulia kwamba anamkumbuka mama yake. Mtu hamkatizi mwenziwe katika jambo kama hilo.

Kisha mkewe akaanza kukohoa, na kikohozi kile hakikumpa nafasi ya kuzeeka.

Mgeni aliletwa mwaka uleule, miezi michache baada ya mazishi. Mvua zilipokatika, kinyozi alikaa uani peke yake kwa mara ya kwanza, amezungukwa na magome na mkaa, wembe mkononi. Shemeji yake alikuja kumsindikiza, maana aliiogopa siku ile kwa niaba yake. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, mjane pia, mwanamke mnene mwenye ulimi wa pilipili, ambaye kibaraza cha nyumba yake kilijaa okidi kutoka sakafuni mpaka darini. Wapambaji wa harusi walizinunua kwake, na ndizo zilizomlisha. Dada yake alikuwa amemgawia kipande cha Bi Mkubwa zamani, na kipande hicho kilichokua na kuwa mmea kamili alikiita Bi Mdogo.

"Mshumaa uko wapi, shemeji?" aliuliza.

"Siwashi. Nikiuwasha nitamwona amekaa hapo."

Shemeji alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Basi acha. Dada naye alikuwa na mambo yake."

Kinyozi akaanza kukata na Mgeni, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kutoka bombani. Kutoka kwa Mgeni akaenda kwa Mkwe, kwa Karani, kwa Pacha, akamalizia na Bi Mkubwa, wembe uleule, bila kuufuta hata kwenye suruali. Na huyu ndiye mtu ambaye kibandani hakuwahi kuhamisha wembe kutoka kidevu hadi kidevu bila kuuzamisha kwenye spiriti. Lakini pale nyumbani hakukuwa na wateja. Hawa walikuwa watu wa nyumbani. Nani anaosha kisu kati ya ndugu na ndugu?

Baadaye aliingia ndani kunawa na kujilaza kidogo. Shemeji alifagia, akafunga mlango wa uani, akaenda zake.

Doa la kwanza lilitokea kwenye jani la Mgeni. Lilikuwa jeusi, limebonyea, kama alama inayoachwa na kidole kilichobanwa na mlango. Kinyozi aliona labda ni jua, akashusha wavu. Madoa yakaongezeka, yakajipanga kuwa mistari. Alipunguza maji, kisha akazidisha. Siku moja akiwa anamwagilia Mkwe, aligeuza jani akakuta huku chini kuna duara jeusi, na ndani ya duara hilo duara jingine.

Hapo alianza kuamka na hofu. Mtu aliyezoea kuishi peke yake hujua milio yote ya nyumba yake, na yeye alianza kuona kwamba uani kimya kimebadilika. Ni ujinga, alijua. Mimea haisemi. Lakini alipotoa shikamoo yake asubuhi aliitoa kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeingia wodini.

Karani akafuata. Halafu shina moja la Pacha, halafu la pili.

"Unaonekana umechakaa," fundi viatu alimwambia. "Umepata mchumba?"

"Maua yanaugua."

"Yote?"

"Alianza yule wa bombani. Akaja Mkwe. Akaja Karani. Sasa Pacha."

Fundi viatu alitoa msumari mdomoni, akacheka. "Ee, kumbe yana nidhamu! Yanapanga foleni kama wateja wako. Nani anafuata kitini?"

Kinyozi alikuwa anampaka mtu povu. Mkono ukasimama hewani, na mteja akafumbua jicho moja. Aliiona rafu yake kutoka bombani mpaka ukutani, na akajiona mwenyewe amekaa chini yake siku ile, anakata, anasogea, anakata, anasogea. Foleni ile aliipanga yeye.

Alifunga kibanda mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaenda kwa Bwana Miche, mtu mwenye kitalu nyuma ya kituo cha mafuta. Alimpelekea jani la Mkwe ndani ya mfuko wa plastiki. Bwana Miche hakuugusa mfuko. Aliuangalia ukiwa mkononi mwa mwenzake, akarudi nyuma hatua.

"Mzee wangu, toka nayo nje ya geti kwanza, tafadhali. Tutaongea huko."

Wakasimama barabarani, magari yakiwapulizia vumbi.

"Hicho ni kirusi," alisema Bwana Miche. "Kinakaa ndani ya utomvu. Hakina dawa. Kinasafiri na kisu. Wewe unapokata, kila mmea ukiisha unakichoma kisu moto?"

Kinyozi aliutazama mfuko mkononi mwake.

"Moto tu, mzee. Hata kiberiti. Hata mshumaa."

Wanasema mtu akipata habari mbaya masikio humvuma. Yeye hayakumvuma. Alisikia vizuri sana kila kitu, honi, mwuza maji, hata redio ya kituo cha mafuta. Alimwona mkewe amekaa kwenye kigoda, anaupokea wembe, anaupitisha juu ya mwali, upande huu na upande huu, midomo inacheza. Huenda alikuwa anahesabu tu, ili wembe ukae motoni muda wa kutosha. Miaka yote ile alimkalia karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, na hakumwuliza.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Choma. Yote iliyopitiwa na wembe huo."

"Iko moja haina doa."

"Ilikatwa ya ngapi?"

"Ya mwisho."

Bwana Miche akatikisa kichwa, kwa huruma ya mtu ambaye amewahi kuchoma kitalu chake mwenyewe. "Kukosa doa hakumaanishi imepona. Kama huniamini, ingoje itoe ua. Jani linaweza kuficha, ua halifichi. Ukiona rangi imepasuka, ina michirizi ambayo haikuwa nayo, basi. Ila ukingoja, usiisogeze karibu na okidi ya mtu yeyote. Na wewe mwenyewe unawe mikono."

Kinyozi akaukumbuka uzuri wa Mgeni siku ile juu ya benchi.

Aliwachoma wale wengine ndani ya pipa la chuma, mchana kweupe, akianza na Mgeni. Mkwe aliungua haraka. Karani alitoa moshi mwingi kuliko moto. Pacha aliwashika muda mrefu, akawaweka chini, akawashika tena. Mwishowe aliwaingiza pamoja, kwa sababu hakuweza kuamua nani aanze. Majirani waliusikia moshi ule wenye uchungu, wakafunga madirisha. Mmoja alipaza sauti ukutani kuuliza anachoma nini.

"Takataka," kinyozi akajibu, na neno lile likawa linamrudia mpaka siku ya pili.

Hakumchoma Bi Mkubwa. Alikuwa safi. Majani yake yalikuwa ya kijani kibichi, yanang'aa, na chini ya jani kubwa ala ya ua, lile ganda linaloficha tumba, ilikuwa imeanza kuvimba, kwa mara ya kwanza tangu mke wa kinyozi afe. Ungekuwa wewe ungemchoma? Akabaki peke yake kwenye ubao mrefu mtupu, na kinyozi akaleta kigoda chake akawa anakaa naye.

Lililompa nguvu lilikuwa moja. Kama Bi Mkubwa atakuwa hana budi kwenda pipani, basi Bi Mdogo yupo kwa shemeji. Yule alikatwa zamani, mwenye mshumaa akiwa hai. Ule ulikuwa mwili uleule, ua lilelile jeupe lililotoka kwa mama mkwe asiyemjua, likaja nyumbani kwake ndani ya kopo. Halitapotea duniani. Alilirudia wazo hilo kila asubuhi akiangalia tumba likinenepa. Ili kumlinda Bi Mdogo, hakukanyaga kwa shemeji wiki zote hizo. Shemeji akipiga simu, alisema ana mafua.

"Mafua gani hayo yenye mkataba?" shemeji alifoka mara moja. "Au umeoa unanificha?"

Tumba lilipasuka siku ya Ijumaa. Kinyozi alitoka kunawa uso, akafungua mdomo kutoa shikamoo, na salamu ikakatikia hapo.

Ua lilikuwa kubwa, limenyooka, na harufu ilikuwa ileile. Lakini lile jeupe pee halikuwepo. Kutoka kwenye koo la ua mpaka ncha za petali ilipanda michirizi ya kijivu yenye wekundu kwa mbali, mingine mirefu, mingine imekatika. Mtu asiyejua angelishangilia.

Na aliyelishangilia alifika kabla ya saa sita. Fundi viatu alikuwa amepita asubuhi kuazima pampu, akachungulia uani, na habari zikamkimbia mdomoni mpaka zikafika kwa shemeji. Shemeji aliingia bila hodi, jasho linamtoka, ana beseni lenye magome chini ya mkono.

"Yuko wapi? Nionyeshe! Nimeambiwa Bi Mkubwa kavaa nguo ya sikukuu." Akaliona. Akaweka beseni chini polepole. "Lo! Dada yangu jamani. Dada, umeona? Shemeji, hii ni rangi mpya! Wapambaji watapigana ngumi. Nikatie kipande, sasa hivi, nimekuja na beseni."

"Hapana, shemeji."

"Hapana ya nini?"

"Sikupi."

Shemeji alimtazama kuanzia miguuni. "Aa. Ndiyo maana mafua. Ndiyo maana simu hupokei. Unataka kubaki naye peke yako! Marehemu alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako, na hili lilikuwa ua la mama yangu, wewe ulilikuta. Choyo gani hiki cha uzeeni?"

"Ni mgonjwa," kinyozi alisema. "Hiyo rangi ndiyo ugonjwa."

Akamweleza. Hakuwa msemaji, lakini alimweleza yote, kuanzia mtu mrefu mwenye chungu, foleni, pipa, mpaka maneno ya Bwana Miche barabarani. Alipofika kwenye mshumaa alionyesha kwa mkono mahali mkewe alipokuwa akikaa, akaendelea. Shemeji alikuwa ameanza kusikiliza amesimama, mikono kiunoni. Mikono ikashuka. Akatafuta kigoda bila kukiangalia, akakaa.

"Kwa hiyo huyu nitamchoma leo," kinyozi alimalizia. "Sikukwambia kwa aibu. Lakini usilie, shemeji. Bi Mdogo yupo. Kule kwako hajaguswa tangu dada yako amkate kwa mkono wake. Huyo ndiye tuliyebaki naye."

Shemeji hakuwa analia. Alikuwa anaangalia dirisha la bafuni.

"Siku ile," alisema, "ulipoingia kulala."

"Ndiyo."

"Niliuchukua wembe."

Kinyozi naye akageukia dirisha.

"Wewe ulikuwa na uchungu, sikutaka kukuamsha. Na mimi kwangu vyungu vilikuwa vimejaa, kisu changu butu. Nikasema, ngoja nikate kwa wembe wa dada. Nilipokuwa nafagia, nilishaufunga kwenye upindo wa kanga. Nikaurudisha kesho yake, wewe ukiwa kazini."

"Ulimkata Bi Mdogo?"

"Nilianza naye." Alipandisha uso. "Kwa heshima, shemeji. Kwa sababu ni wa kwetu, nilianza naye. Halafu wengine wote."

Moshi wa jiko la jirani ulikuwa unapita juu ya ukuta. Waliutazama wote wawili mpaka ukaisha.

"Kwako kuna madoa?" aliuliza kinyozi.

"Macho yangu unayajua. Sijaona. Sikutafuta."

Kinyozi alimtoa Bi Mkubwa kwenye chungu, akamfunga gazeti pamoja na ua lake, na shemeji akashika upande mmoja wa gazeti ingawa halikuwa zito. Alipokwisha kuungua, wakamwaga maji pipani, wakatoka pamoja.

Kibaraza cha shemeji kilikuwa kinapendeza hata kwa mtu aliyekuja na hofu. Vyungu vilining'inia vikigusana mabega. Kinyozi aligeuza jani moja moja, amevaa miwani, akifunga mikono mgongoni kila alipomaliza ili asiguse kisichohitajika. Kwenye kona ya mbele alikuta doa. Kwenye chungu cha pili yake akakuta mengine. Pengine kote hakuona kitu, na kutoona kitu sasa hakukuwa na maana yoyote. Bi Mdogo alikuwa katikati, majani yake safi, na ala yake imevimba. Tumba lilishachomoza, la kijani, limefumba.

"Lini?" aliuliza shemeji.

"Si mbali."

Tangu siku hiyo kinyozi alifungua kibanda mchana badala ya asubuhi. Fundi viatu alimzulia ndoa, akaitangaza kwa kila aliyepita, na kinyozi hakumkatalia. Asubuhi zake alizikaa kibarazani kwa shemeji, viti viwili, chai katikati. Walizungumza juu ya marehemu zaidi ya walivyozungumza tangu mazishi. Shemeji alimweleza jinsi mama yao alivyokuwa akiikata ile okidi, naye pia kulikuwa na mwali kando, wa koroboi, na wao watoto walidhani ni kwa ajili ya kufukuza mbu. Wapambaji walipokuja, shemeji aliwaambia hana maua mwaka huu, wakaangalia kibaraza kilichojaa, wakamwangalia yeye, wakaondoka wakinong'ona.

Tumba likanenepa, likainamisha kichwa. Ganda lake likawa jembamba, na ndani yake ukawa unaona weupe, lakini weupe ukiwa umekunjwa haukwambii kitu.

Asubuhi lilipoanza kufunguka shemeji alisikia harufu kabla hajatoka ndani. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi. Kinyozi alikuwa amekwisha kufika, ameshaketi, lakini alikuwa ameangalia barabarani.

"Angalia wewe, shemeji," alisema yule mwanamke. "Mimi siwezi."

Akageuza uso, akaegemea fremu ya mlango. Nyuma yake alisikia kiti kikisogea, nyayo za mzee kwenye saruji, na kisha miwani ikifunguliwa. Alisikia pumzi. Alingoja amwambie jeupe. Alimpa muda wa kulizunguka lile ua, wa kulitazama koo lake, wa kuangalia petali moja baada ya nyingine mpaka ncha, kama anavyoangalia shavu la mteja kabla ya kumwachia kioo. Barabarani watoto wa shule walipita wakiimba, wakaisha.

Mzee alikuwa bado hajasema neno.

Shemeji aliweka kikombe chini, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaingia jikoni kutafuta kiberiti.